Wagonjwa Wangu Wote Walikuwa Vizuri

Nyie mnaoanza kazi leo mmekuta mambo yamekaa sawa. Mgonjwa anabanwa kifua asubuhi, mchana kashalazwa mezani, mshipa wa moyo unapanuliwa hapahapa mjini, na kesho yake anauliza kama anaruhusiwa kula chipsi. Siwaonei wivu. Mliponiomba niwaeleze kitu kuhusu kazi nilijibu kwamba mie sina hotuba, nina aibu yangu moja ya zamani, kama itawafaa chukueni. Nilipokuwa na umri wenu nilikuwa nesi mwenye wagonjwa wazima kuliko nesi yeyote wa Dar es Salaam. Wote walikuwa vizuri. Niliandika mwenyewe, kwa mwandiko niliofundishwa na masista wa misheni, na ulikuwa mwandiko mzuri kweli.

Nilikuwa kliniki ya moyo katika hospitali moja ya upande wa Temeke, katikati ya miaka ya tisini. Nchi ilikuwa imefunguliwa milango. Mitumba ilikuwa inaingia, vigae vinaingia, televisheni zimefika hadi uswahilini, na magonjwa nayo yalikuwa yamepata ruhusa ya kuingia. Kabla ya hapo mtu wa Dar akibanwa kifua alikuwa na gesi. Alipewa soda ya tangawizi, akisha kucheua akaambiwa amepona. Sasa ghafla watu wakawa na mishipa ya moyo, na mshipa ukiziba ulikuwa na mahali pamoja tu pa kwenda kuzibuliwa, India.

Waliokwenda walikuwa wachache. Wengine walipelekwa na mashirika waliyofanyia kazi, wengine na koo zao. Waliporudi, walirudi kwetu Jumatano kwa ufuatiliaji, na wote pamoja walikuwa hawajazi mabenchi mawili. Daktari wetu, Daktari Kileo, Mpare mpole aliyependa kuchora, alikuwa anawaeleza walichofanyiwa kwa kufungua kalamu yake ya wino na kutoa ile springi ya ndani. Anasema: wamepitia kwenye paja na waya mwembamba mpaka moyoni, wamepuliza kiputo mahali palipobana, kisha wameacha kitu kama hiki, kidogo zaidi, kishikilie mshipa usijikunje tena. Mgonjwa anaangalia springi ya kalamu, anaangalia kifua chake, anatikisa kichwa. Ndiyo maana kliniki nzima tukaiita springi. Daktari naye kila Jumatano jioni alikuwa anatafuta kalamu inayoandika.

Kazi yangu ilikuwa rejista. Jina, umri, anapokaa, siku aliyowekewa springi, dawa anazotumia, na mwisho safu iliyoandikwa "Hali baada ya matibabu". Nilikuwa nakaa mezani, mgonjwa anakaa kwenye kiti, wenzake wanasikiliza kwenye benchi nyuma yake, nami namuuliza kwa sauti ya adabu, "Mzee, unajisikiaje?"

"Alhamdulillahi, binti yangu."

Naandika: Vizuri. Anayefuata.

Aliyekuwa juu yangu aliitwa Sista Agripina, mama wa Kihaya mrefu, alikuwa na miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni. Siku moja alifungua rejista yangu akasoma kurasa tatu, kisha akaiweka mezani taratibu.

"Mwanaidi, hii kliniki tuifunge."

"Kwa nini, Sista?"

"Haina mgonjwa. Tukae hapa tunamlindia nani?"

Nilidhani ananisifu kwa kejeli za kikwao. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Sasa nimlete Mzee Hemed, kwa sababu bila yeye nisingejua nilichokuwa nachekea.

Mzee Hemed alikuwa Mwarabu wa Kinondoni, baba yake na babu yake walikuwa na duka palepale. Yeye alikuwa anauza vifaa vya ujenzi: rangi, masinki, mabomba, vigae vya maua. Watu waliokuwa wanajenga Tegeta na Kimara walipitia kwake, mie mwenyewe nikiwamo, maana nilikuwa nainua vyumba vyangu viwili Kimara kwa mwendo wa konokono. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, mvuta sigara, na sauti yake ilifika ng'ambo ya barabara. Alikwenda India akiwa amekunjamana, hawezi kuvuka hata uwanja wake wa nyumbani, akarudi amenyooka. Hilo nalikiri kwa haki yake na ya waliomtibu. Springi ile ilifanya kazi. Wiki ya kwanza aliyokuja kliniki alipanda ngazi za maabara huku anaongea.

Ila alirudi na kitu kingine. Hospitali ya huko ilimpa kaseti ya video ya moyo wake, jinsi mshipa ulivyokuwa umebana kama shingo ya chupa na jinsi ulivyofunguka. Daktari wa huko alikusudia daktari wa huku aione. Mzee Hemed akaona ni haki Kinondoni nzima iione.

Nilialikwa. Mkewe, Bi Saada, alipika biriani, wageni wakajaa sebuleni, deki ikawashwa. Tukakaa tunatafuna sambusa huku mishipa ya Mzee Hemed inajaa dawa nyeusi na kutoweka, inajaa na kutoweka. Mwenyewe kasimama pembeni na kijiti, anaelekeza.

"Hapa ndipo nilipokuwa nakufa. Mmeona? Sasa angalieni hapa. Hapa nimepona."

Fundi mmoja wa magari aliuliza springi ile ni ya namba ngapi, na kama haitashika kutu kwa hewa yetu ya chumvi. Mama mmoja alimwomba Mzee Hemed asikae karibu sana na televisheni. Nimesikia kwamba hata kwenye harusi ya mpwa wake, wageni waliokuwa wanasubiri kuona mkanda wa akdi waliona kwanza moyo wa mjomba, mbele na nyuma, dakika ishirini.

Baada ya hapo duka lake likawa kliniki ya pili, na iliipita yetu kwa wagonjwa. Mtu anaingia kununua bomba la inchi moja anatoka na ushauri wa moyo. Kwa Mzee Hemed mambo yalikuwa mepesi. Vidonge ni vya watu wanaosubiri springi. Aliyekwisha kuwekewa amemaliza. Aspirini aliyopewa ameze kila siku ilikuwa inamchoma tumbo, kwa hiyo aliiweka kwenye bakuli la kioo kaunta, kama peremende, na wateja waliolalamika kifua walipewa kimoja kimoja. Sigara alikuwa ameiacha India, akairudia Kinondoni. "Mlango umewekewa bawaba ya chuma," aliniambia nilipomkuta anavuta. "Moshi utaufungaje?"

Nilimwambia asivute. Nilimwambia ameze dawa. Lakini niliyasema kama mtu anayemkumbusha mjomba wake kuvaa kandambili, nikacheka naye, nikanunua bomba langu. Jumatano aliyokuja kliniki nikaandika: Vizuri.

Mtu aliyemsikiliza kuliko wote alikuwa Mwalimu Kombo. Huyu alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, mwembamba, mkimya, rafiki yake tangu madrasa. Kila alasiri walikaa kwenye baraza ya duka wanacheza karata. Mwalimu naye alikuwa mgonjwa wetu. Kifua kilikuwa kinambana akipanda kilima, na Daktari Kileo alikuwa amempa vidonge na ratiba ya kutembea. Alikuwa anaendelea polepole. Mzee Hemed alikuwa anamwonea huruma kwa huo upolepole.

"Mwalimu, acha kuuhonga ugonjwa kwa vidonge," alimwambia mbele yangu siku moja baada ya Idi. "Nenda kafunguliwe kama mie. Niangalie. Nina dalili gani?"

Mwalimu akamwangalia kwa makini, kama anayesahihisha mtihani. "Huna," akasema.

Na kwa kuwa hakuwa na dalili, Mwalimu aliacha vidonge akaanza kushughulikia hati ya kusafiria. Mie hilo sikulijua. Kwenye rejista yangu alikuwa vizuri.

Mfungo ulikuwa umekwisha kupita. Kliniki moja ya baada ya Idi, Sista Agripina aliniambia nimsindikize Mzee Hemed maabara, niende naye kwa miguu, nirudi naye, kisha nimweleze nimeona nini. Maabara ilikuwa ng'ambo ya uwanja, mwendo wa dakika tatu.

Tukatoka. Mzee alikuwa anaongea habari za vigae. Tulipofika penye ubao wa matangazo akasimama, akavaa miwani, akasoma tangazo la chanjo ya surua mpaka mwisho. Tukaendelea. Penye bustani akasimama tena, akayasifu maua ya hospitali, akauliza nani anayamwagilia. Karibu na maabara tukakutana na mlinzi, Mzee akampa mkono, akamuuliza habari za nyumbani, za watoto, za shamba, za mvua, mlinzi akawa anajibu huku anashangaa, maana walikuwa hawajuani.

Nikarudi kwa Sista Agripina nikamwambia, "Mzee yule ana adabu sana. Anasalimia kila mtu."

Alivua miwani. "Alisimama mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Ana mtoto mdogo nyumbani?"

"Hana. Wajukuu wake wako sekondari."

"Basi chanjo ya surua inamhusu nini?"

Nilisimama pale nimeshika rejista. Ndani yake nilikuwa nimekwisha kumwandika Vizuri.

Wanangu, hili nalitaka mliweke kichwani hata kama mengine mtayasahau. Mgonjwa wa moyo haongopi kwa mdomo peke yake, anaongopa kwa adabu. Akibanwa kifua njiani hawezi kushika kifua mbele za watu, kwa hiyo anasoma tangazo. Anafunga kamba ya kiatu. Anakumbuka kumsalimia mtu. Maumivu yanapita, anaendelea. Na ukimuuliza anajisikiaje mbele ya benchi la watu kumi, unamuuliza kama ni mwanamume. Atakujibu ndiyo.

Sista Agripina alinifundisha maswali mengine. Usiulize unajisikiaje, uliza jana ulifanya nini, toka alfajiri. Ulikwenda wapi, kwa njia ipi, ulipumzika wapi. Uliza amekiacha kitu gani siku hizi alichokuwa anakifanya. Kisha muulize mkewe, peke yake, na ukimuuliza nyamaza umwache amalize.

Jumamosi nikaenda Kinondoni. Sababu niliyojipa ni sinki. Mzee Hemed alikuwa dukani, kakaa kwenye kiti chake cha kamba, anaamuru kwa kidole rangi ipi ishushwe. Nikapita nyuma kwa Bi Saada, nikamkuta anachagua mchele. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, maneno yake machache. Nilimwamkia, nikakaa naye kwenye mkeka, nikachagua mchele pia. Baada ya muda nikamuuliza ni kitu gani Mzee amekiacha siku hizi.

Aliendelea kuchagua. Nikanyamaza kama nilivyoambiwa, na nawaambia ilikuwa kazi, maana mie ni mtu wa maneno.

"Juu hapandi," akasema mwishowe. "Chumba chetu kiko juu. Yeye analala sebuleni. Anawaambia watoto anapenda kuangalia mechi."

"Tangu lini?"

"Mfungo ulipokuwa kwenye kumi la kwanza. Tarawehe alikuwa anaswali kwa kukaa, akasema magoti. Msikiti wetu ni ule wa kule juu, sasa anakwenda huu wa mtaa wa pili. Amesema imamu wake ana sauti nzuri." Akatupa kijiwe nje ya ungo. "Yule imamu hana sauti."

"Umemwambia aje aseme kliniki?"

"Nimemwambia. Kasema nimtie aibu kwa watu waliokula biriani yake?"

Nikatoka pale nikaenda mbele moja kwa moja, na kwa kuwa nilikuwa na hasira nikafanya kosa la pili. Nilimwambia pale pale dukani, wateja wakiwapo, kwamba kifua kimemrudia na anaficha. Mzee alitabasamu.

"Sista, mie nimefunguliwa India. Nyie mnataka kunifunga Temeke?"

Wateja wakacheka. Mwalimu Kombo, aliyekuwa kwenye baraza na karata zake mkononi, naye alicheka. Nikanunua sinki ambalo sikulihitaji nikaondoka. Lile sinki lilikaa miaka miwili Kimara kabla ya kupata ukuta.

Niliporudi nikamweleza Sista Agripina kila kitu, hata lile la kumsema mbele za watu. Hakunigombeza. Alisema tu, "Umempa jukwaa. Safari hii mpe mahali pasipo na watu."

Jumatano iliyofuata Mzee Hemed alikuja. Naamini Bi Saada alimsukuma. Alikaa kwenye kiti, akasema alhamdulillahi kabla sijafungua mdomo. Nikamwamkia, nikamwomba radhi kwa maneno ya dukani, nayo ilikuwa radhi ya kweli, kisha nikamwomba twende maabara. Safari hii sikumpitisha uwanjani. Nilimpitisha nyuma, kwenye njia ya kufulia nguo, ambako kulikuwa na ukuta mrefu mweupe upande mmoja na ukuta mrefu mweupe upande wa pili. Hakuna ubao, hakuna maua, hakuna mlinzi.

Alitembea vizuri hadi kama katikati. Maneno yakapungua. Kisha akasimama, akageuka, akautazama ukuta.

Nami nikasimama. Hakukuwa na kitu pale. Alikuwa ameushika kwa kiganja, uso umemtoka jasho, anaukodolea macho kama mtu anayesoma.

"Mzee, unasoma nini?" nikamuuliza taratibu.

Akapitisha kiganja ukutani.

"Ukuta huu umepakwa rangi vibaya," akasema. "Wamechanganya maji mengi."

"Ndiyo, Mzee."

"Mkono mmoja tu wamepaka. Ilitakiwa miwili."

"Ndiyo."

Akashusha pumzi. Macho yake yalikuwa bado ukutani alipoongea tena, na sauti ile iliyokuwa inavuka barabara sasa mie mwenyewe nilikuwa naitegea sikio.

"Kimerudi, binti yangu. Palepale. Kama mkono wa mtu."

Nilimkalisha juu ya ndoo iliyopinduliwa ya watu wa kufulia, nikamwekea kidonge chini ya ulimi. Akaanza kulia. Hakulia kwa hofu ya kufa, aliniambia mwenyewe. "Mwalimu ameacha dawa zake kwa ajili yangu," akasema. "Kila siku ananitazama kuona kama nina dalili. Nami kila siku nakaza uso." Akajifuta kwa kofia yake. "Nikikaa na kifua kimenibana nashika karata, asione mkono unaelekea kifuani."

Hapo ndipo nilipojua habari ya Mwalimu.

Daktari Kileo alimpima umeme wa moyo, akamweleza bila kumlaumu. Nyama ya ndani ya mshipa ilikuwa imeota juu ya springi, mahali pakabana upya. Ilikuwa inatokea sana kwa springi za siku zile, hata kwa mtu asiyevuta sigara wala kugawa aspirini zake kwa wateja, na ilitokea hasa katika miezi ile ya mwanzo, wakati ambao mgonjwa anajiona amepona. Angesema mapema, angesaidiwa mapema. Daktari akaomba ile kaseti alinganishe. Kaseti ikaletwa, tukaiweka kwenye deki ya chumba cha mikutano, sote tumekaa kimya tukisubiri moyo. Kikatokea kikundi cha taarab, akina mama wamevaa sare, wanawatunza waimbaji. Mtu wa nyumbani alikuwa amerekodi juu yake. Daktari aliangalia wimbo mzima, nadhani kwa heshima.

Lakini kabla ya India ya pili kulikuwa na baraza. Mzee Hemed aliniomba niwepo. Alasiri ile Mwalimu Kombo alikuwa ameshagawa karata. Mzee alikaa, akaziacha zilivyo.

"Mwalimu, kifua kimerudi."

"Lini?"

"Kabla ya Idi."

Mwalimu akapiga hesabu zake. "Mie nimeacha vidonge baada ya Idi," akasema.

"Najua."

"Uliniuliza una dalili gani."

"Nilikuuliza. Nilikuwa nakudanganya."

Wateja wawili waliokuwa wanapima waya walijifanya wanaendelea kupima. Mwalimu alikusanya karata, akazipanga moja juu ya moja, akaziweka mfukoni. Akasimama, akaondoka bila kuaga. Alikwenda polepole, na alipofika kona akasimama, ameshika nguzo. Mzee Hemed aliona. Aliinuka kwenye kiti, akataka kumfuata, akafika hatua kumi, naye akasimama. Nikawa nina wagonjwa wawili wa moyo kwenye barabara moja, kila mmoja na nguzo yake, na mkoba wangu una kidonge kimoja cha chini ya ulimi. Nilimpa Mwalimu. Mzee mwenyewe alinionyesha kwa kidole nimpe mwenzake.

Mzee alikwenda, mshipa ukapanuliwa tena kwa puto, akarudi. Safari hii hakukuwa na biriani. Aspirini alimeza na chakula, tumbo likatulia, ukweli ni kwamba alikuwa hajawahi kuuliza. Sigara ilimshinda mara mbili kisha akaishinda. Alipanda tena ngazi za nyumba yake, Bi Saada akaniambia hivyo kwa ufupi wake wa kawaida: "Yuko juu." Mwalimu Kombo hakwenda India kabisa. Alirudi kwenye vidonge na kutembea, na ilimchukua karibu mwaka kurudi kwenye baraza. Waliishi wote wawili miaka mingi baada ya hapo, Mwalimu zaidi, na sijui hata leo nani kati yao alitibiwa vizuri kuliko mwenzake.

Sista Agripina aliposikia yote alinirudishia rejista. Akasema kila mahali nilipoandika "Vizuri" niende kwa miguu yangu nikaone.

Ilinichukua wiki nyingi. Nilikwenda Kimara, Mtoni, Magomeni. Wengine walikuwa vizuri kweli, wanalima, wanaoa mke wa pili, Mungu awasaidie. Mmoja alikuwa anabebwa na wanawe hadi chooni, na kila Jumatano walimleta kwa teksi mpaka getini, akashuka akatembea hatua ishirini mbele yangu kama askari. Wawili walikuwa wamesimamisha dawa zote. Nikafuta, nikaandika upya.

Wa mwisho alikuwa Mzee Shomari wa Tandale, kuli mstaafu aliyepelekwa India na shirika lake. Miguu ilikuwa inamsumbua, kwa hiyo mkewe ndiye aliyekuwa akija kuchukua dawa. Kila mwezi nilimuuliza mama yule mgonjwa anaendeleaje, naye kila mwezi alinijibu, "Hajambo, anakusalimu." Nikaandika.

Nyumba ilikuwa nyuma ya soko, chumba kimoja, pazia la kanga mlangoni. Nilipiga hodi. Mkewe ndiye aliyenifungulia, akaniona na rejista, akashika mlango.

"Nimekuja kumwona Mzee."

Akanikaribisha ndani. Kitanda kilikuwa kimetandikwa na hapakuwa na mtu. Alikaa chini, nami nikakaa.

"Mzee alifariki," akasema. "Miezi saba sasa."

Nilifungua rejista. Vizuri, vizuri, vizuri, mara saba, mwandiko haujatetereka hata herufi moja. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Nilidhani ataniambia anaziuza zile dawa, nami nilikuwa nimeshaandaa uso wa kumsamehe.

"Nilikuwa nazimeza," akasema. "Nami kifua kinanibana. Toka kabla yake. Nikibeba ndoo nabanwa hapa, mkono huu wote unakufa. Nilipoona dawa zake zinanisaidia, nikasema nikitoa habari ya msiba mtaichukua kadi."

"Ungekuja ukasema unaumwa, mama."

"Nilikuja. Mwaka jana, nilipomleta yeye. Nilikwambia wewe. Ukaniambia ni mawazo ya kuuguza, nikapumzike."

Sikukumbuka. Mpaka leo sikumbuki, nami nimejaribu sana. Nilikaa pale kwenye mkeka wake nikamuuliza jana alifanya nini, toka alfajiri, akanieleza, nami nikaandika ukurasa mzima.

Jumatano alikuja. Alikuwa amevaa baibui la kutokea na ameshika kadi ya marehemu kwa mikono miwili, akanikabidhi. Nikachukua faili jipya, nikafungua kalamu, ndipo nikagundua kwamba miaka yote ile nilikuwa namwita mke wa Shomari. Nikamuuliza jina lake. Alinitajia, Mwajuma binti Selemani Mkumba, kisha akasogeza kiti karibu na meza, akainama juu ya karatasi ahakikishe naliandika lote.